Pampu tatu za petroli kwa pikapu ya kabureta: ipi inunuliwe ukiwa Malindi

Pikapu kuukuu bado zinafanya kazi kubwa Malindi: makuti ya Ganda, maembe ya Magarini, samaki wa Mayungu, mawe na mchanga wa ujenzi. Datsun 1200, Hilux za injini ya 2Y na 22R, Peugeot 504 za petroli, zote zina kabureta na pampu ndogo ya petroli inayosukumwa na kemshafti, yaani shafti ya injini yenye nundu (kemu). Pampu hiyo ikichoka, dukani utawekewa vitu vitatu mbele yako: pampu ya mkono (mkono ni wenzo wake unaogusa kemu, si mkono wako) yenye ubora wa kiwandani, nakala yake ya bei ya chini, na kile kiboksi cha umeme cha mraba kinachopiga tik-tik-tik.

Mwenye haraka achukue ya kwanza. Kiboksi cha umeme ni kizuri kwa yule tu atakayekifunga kikamilifu. Nakala isitoke dukani kabla ya kujaribiwa kwa kidole.

Lakini kwanza hakikisha pampu ndiyo mgonjwa. Pampu nyingi nzima hutupwa kwa kosa la mpira wa shilingi chache. Kati ya tangi na pampu mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Mpira ukipasuka hapo hauvuji, unaingiza hewa, na gari linakata mafuta kana kwamba pampu imekufa. Kagua mipira yote ya upande huo, kisha filta, kisha kifuniko cha tangi: kama gari likikata unafungua kifuniko, unasikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari linapona, tundu la kupumulia limeziba. Baada ya hapo chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa, chomoa waya mwembamba wa koili ili plagi zisitoe cheche, halafu mtu apige stata. Petroli inatakiwa iruke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitiririka kinyonge, au ikatoka na mapovu mfululizo, kuna kasoro. Mwenye geji ya presha aifunge kwa kiungo cha T: pampu ya kabureta hutoa karibu psi 3 hadi 5, basi.

Kipimo cha mwisho ni pua yako. Chomoa kijiti cha oili, unuse. Oili ikinuka petroli na kipimo kimepanda juu ya alama, dayaframu, yaani utando wa mpira ndani ya pampu, imechanika na petroli inashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gari hilo lisitembezwe hata hatua moja. Oili iliyochanganyika na petroli haina unene wa kulinda bearing za krenki. Badilisha pampu, badilisha oili na filta yake, ndipo uwashe.

Sasa pampu zenyewe.

Ya ubora wa kiwandani unaitambua kwa mwili wake. Nusu mbili za chuma zimeshikwa kwa skrubu au zimefinywa kwa usawa pande zote, pini ya mkono haichezi, ncha ya mkono inapogusana na kemu imesuguliwa laini. Zile za skrubu zina faida kubwa: dayaframu ikichoka unanunua seti ya vipuri vya ukarabati badala ya pampu nzima. Kwa Malindi, kinachonifanya niitetee ni mdomo wa tatu ulioko kwenye baadhi ya pampu hizi, ule unaorudisha mafuta tangini. Miezi ya kaskazi, gari likizimwa saa saba mchana baada ya kupanda na mzigo, joto la injini hupanda na kuichemsha petroli ndani ya pampu. Mvuke haupampiki. Njia ya kurudi inauondoa mvuke huo na kuleta petroli mpya iliyopoa. Ukiwa na gari la midomo mitatu, usikubali kuuziwa pampu ya midomo miwili kwa maneno kwamba huo mmoja utaziba tu. Utaziba, na gari litaanza kukata kila mchana.

Nakala ya bei ya chini haina ubaya wa jina. Ubaya wake ni kwamba mbili za boksi moja hazifanani. Vali za ndani huvuja kurudi nyuma, kwa hiyo usiku petroli inarudi tangini na asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia. Mpira wa dayaframu huenda umekauka kwenye boksi kabla hujaununua. Mkono huwa umepinda kidogo tofauti na wa asili, na tofauti ndogo pale hugeuka mapigo mafupi au mkono unaovunjika. Dawa ni kuipima palepale kaunta. Ziba mdomo wa kuingizia kwa kidole, bonyeza mkono na uuachie: kidole kinatakiwa kinyonywe na kibaki kimenyonywa kwa sekunde kadhaa. Kisha ziba mdomo wa kutolea, bonyeza na uachie. Hewa iliyobanwa isipungue haraka. Halafu iweke kando ya pampu yako ya zamani, mkono kwa mkono, uangalie urefu na mpindo. Muuzaji akikataa ujaribu hivyo, nenda duka la pili. Mombasa ni kilomita 120 hivi, na pampu mbaya inagharimu zaidi ya nauli.

Kufunga pampu ya mkono ni kazi ya asubuhi moja nyumbani, kwa spana, bisibisi na wembe wa kukwangua. Injini iwe baridi. Fanyia kazi nje kwenye upepo, na jiko la mkaa la jirani lizimwe kwanza: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na moto. Chomoa waya wa hasi wa betri. Legeza kifuniko cha tangi. Gari likiwa limeinamia mbele, petroli itajimwaga yenyewe ukichomoa mpira, kwa hiyo uwe na boliti ya unene wa milimita 8 ya kuuziba. Weka alama kila mpira kwa utepe.

Kwenye 22R pampu iko kwenye silinda hedi. Kwenye injini za Datsun, 2Y na 504 iko ubavuni mwa bloku, kwa sababu kemshafti yake iko chini. Popote ilipo, inashikwa na boliti au nati mbili, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Mkono wa pampu ukiwa juu ya nundu ya kemu, springi inaisukuma pampu nje. Fundi mwenye haraka anaivuta ndani kwa kukaza boliti, uzi unang'oka au sikio la pampu linapasuka. Zungusha injini taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki mpaka usikie pampu imelegea mkononi. Ikiwa kwenye hali hiyo, pampu mpya inakaa kwa kusukumwa na kiganja tu.

Kabla ya kukwangua gasketi ya zamani, jaza kitambaa kwenye tundu ili makombo yasianguke kwenye oili. Kile kibao kinene cheusi kati ya pampu na injini kina kazi mbili: kuzuia joto na kupima umbali wa mkono. Kikiachwa, mkono unasukumwa kupita kiasi na dayaframu inachanika mapema. Vikiwekwa viwili, mapigo yanakuwa mafupi na injini inakosa mafuta ikipanda mlima. Gasketi nyembamba pande zote mbili za kibao, oili kidogo kwenye ncha ya mkono, kaza boliti kwa zamu, moja kidogo na nyingine kidogo, mpaka kama Nm 20 kwa boliti ya M8. Silikoni isiguse mdomo wowote wa petroli. Inayeyuka na kwenda kuziba jeti za kabureta.

Mipira ibadilishwe pamoja na pampu. Iwe ya petroli kweli, si ile ya plastiki inayong'aa ya maji, ambayo inakauka na kupasuka kwa joto la bonati. Washa kwa stata ya sekunde kumi, pumzisha nusu dakika, rudia; kabureta tupu inahitaji muda kujaa.

Kiboksi cha umeme kinastahili sifa yake. Kinafungwa nyuma karibu na tangi, mbali na joto la injini, na kwa kuwa kinasukuma badala ya kuvuta, mvuke wa mchana unapungua sana. Udhaifu wake ni kwamba hakivuti vizuri kutoka chini: lazima kikae chini ya kimo cha petroli tangini, mdomo wa kutolea ukielekea juu, filta ikiwa kabla yake. Namba za presha zilizoandikwa kwenye boksi zisiaminiwe bila geji. Ikizidi psi 5 hivi, sindano ya kabureta inasukumwa, petroli inafurika na kudondokea kwenye ekzosi yenye moto. Pampu ya gari la injeksheni haifai kabisa, inatoa bar 2.5 hadi 3, karibu mara kumi ya inayotakiwa.

Usiiache pampu ya mkono ya zamani kwenye njia ya mafuta. Dayaframu yake ikichanika, ile ya umeme itajaza sampu petroli. Itoe, funika tundu kwa bati nene na gasketi, na njia ya kurudi kama ipo iunganishwe kwa T yenye tundu dogo.

Kilicho muhimu zaidi ni waya. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo itaendelea kumwaga petroli gari likigonga na injini ikizimika. Tumia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya miguu mitano, yenye namba zilizoandikwa. Mguu 30 upate umeme wa ufunguo kupitia fyuzi ya ampea 5, mguu 86 umeme uleule, mguu 85 uungwe kwenye waya wa swichi ya taa ya oili, na pampu ichukue kutoka 87a, mguu unaokatika rilei ikivuta, si 87. Injini isipokuwa na presha ya oili, swichi hiyo inaenda arthi, rilei inavuta, pampu inasimama. Ongeza kitufe cha kujazia kabureta likikauka. Taa ya oili isipowaka ukifungua ufunguo, huenda ulinzi huo haupo tena. Rekebisha kabla ya kuondoka. Arthi ya pampu iwe kwenye chuma kilichosuguliwa na kupakwa grisi, hasa kwa magari ya Gongoni na Marereni, ambako chumvi inakula waya haraka sana.

Baada ya siku chache za kazi, zikaze tena boliti za pampu injini ikiwa baridi, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo cha mpira, na unuse kijiti cha oili.