Kliniki ya meno iliyoniuliza kuhusu homoni kabla ya kuniambia nifungue mdomo

Naandika hii kwa ajili ya dada na mama zangu ambao fizi zinatoka damu kila mkipiga mswaki na mnaambiwa ni uchafu tu. Nina miaka 51, hedhi ilishakoma, na natumia homoni, stika ya estrojeni nabandika chini ya kitovu na usiku nameza kidonge cha projesteroni. Kule nilikokua naenda mwanzo walinisafisha meno mara mbili ndani ya mwaka na jibu lao ni lile lile, piga mswaki vizuri, basi nikawa nasugua kwa nguvu mpaka fizi zinawaka na bado nikitema naona damu.

Hii kliniki niliyohamia daktari alianza kwa maswali. Unatumia dawa gani, zote, hata za homoni, ulianza lini, hedhi ilikoma lini, usiku mdomo unakauka? Nikamwambia silali bila maji pembeni ya kitanda. Akasema mama, hayo yote yanagusa fizi. Jamani nilitamani kulia, maana miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Alivyonielezea ni hivi, fizi zina vipokezi, yaani sehemu za kupokea homoni, vya estrojeni na projesteroni, hata vya testosteroni, kwa hiyo homoni ikipanda au ikishuka fizi nazo zinaitikia. Projesteroni ikiwa juu mishipa midogo ya damu kwenye fizi inatanuka na kuvujisha maji, yaani utando kidogo tu wa bakteria ambao zamani usingekusumbua sasa unaleta uvimbe na damu, ndo maana mabinti wanaobalehe wanapata, na wajawazito kuanzia kama mwezi wa pili na inazidi mpaka karibu wa nane. Kuna bakteria anaitwa Prevotella intermedia, huyo anaweza kuzitumia hizo homoni kujikuzia badala ya vitamini K anayoihitaji kukua! Kwa sisi tuliokoma hedhi estrojeni inashuka, mate yanapungua, fizi zinakua nyembamba na mfupa unaoshika meno unaweza kupungua.

Nikauliza je niache homoni? Akasema hapana, usiache dawa kwa sababu ya fizi bila kuongea na aliyekuandikia, tena kuna tafiti zilizoona wanawake wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi fizi zao zinatoka damu kidogo kuliko wasiotumia, ila sio dawa ya kuandikiwa mtu kwa ajili ya fizi. Alichosisitiza ni kwamba homoni peke yake haileti ugonjwa, chanzo ni utando, homoni inachochea tu.

Kisha akapima. Kidude chembamba chenye alama za milimita anakiingiza taratibu kati ya jino na fizi, anasoma kina cha hiyo nafasi na msaidizi anaandika, mbili, tatu, tatu, tano. Hadi tatu ni salama, kuanzia nne ni shida, na mimi nilikua na tano sehemu kadhaa. Alinipa kioo nione mwenyewe ile fizi ya juu, nyekundu inang'aa na imejaa kati ya meno. Usafishaji wa ndani, chini ya fizi, ulichukua siku mbili, ganzi walichoma, sikusikia maumivu. Mwisho akanishika mkono nao ukiwa umeshika mswaki, mswaki laini, akaulaza kama digrii 45 pale fizi inapokutana na jino, hapo ndo nikajua nilikua naziumiza bure.

Yasiyonipendeza. Siku zote mbili nilisubiri zaidi ya saa nzima wakati nilikua na miadi. Halafu karatasi ya maelekezo wanayokupa inaongelea wajawazito tu, sisi wa ukomo wa hedhi hatumo, wala wanaotumia testosteroni, na huyo daktari anayajua haya vizuri kabisa, angeandika.

Baada ya wiki nane walipima tena. Zile tano zimekua tatu, isipokua jino la mwisho chini kushoto ambalo bado ni nne na natakiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Damu nikipiga mswaki hakuna. Nawapa nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa ajili ya kusubiri.