Nilivyoomba ripoti ya polisi ya kukamatwa kwangu katika mji mdogo wa Illinois

Naandika haya kwa sababu nilipoyahitaji sikuyakuta popote kwa Kiswahili. Machi 2022 nilikamatwa na polisi wa mji mdogo ninaoishi hapa Illinois, nikalala mahabusu usiku mmoja, na Juni mwaka huohuo kesi ikaondolewa mahakamani. Nikadhani yameisha. Mwaka 2024, nilipoanza kujaza fomu N-400 ya kuomba uraia wa Marekani, nikakutana na swali kama nimewahi kukamatwa. Hawaulizi kama ulifungwa. Wanataka uwaambie hata kama hukushtakiwa, hata kama kesi ilifutwa, na ukijibu ndiyo lazima ulete karatasi.

Mji siutaji. Ni mdogo, polisi wanatujua kwa sura, na bado naishi hapa.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, nikamkuta mdogo wangu anazozana na jirani kwenye maegesho ya jengo letu. Nikaingia kuamua, sauti zikapanda, mtu akapiga 911 kuwaita polisi. Walipofika walinichukua mimi, wakaandika kosa la kuvuruga amani.

Mama yangu mdogo aliposikia nataka kurudi kituoni kuomba ripoti ya usiku ule, aliniambia, "Mwanangu, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe." Nilimwelewa. Sisi tulikimbia Kivu Kusini, mimi nikakulia Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu, Kigoma, na kule askari ndiye anayekuomba karatasi. Hatukuzoea kumwomba yeye. Kwa wiki mbili nilipita mbele ya kituo kile nikienda kazini na sikuthubutu kuingia.

Kilichonipa nguvu ni kuisoma sheria. Jimbo la Illinois lina sheria yake ya uhuru wa kupata taarifa, ambayo watu wote hapa huiita FOIA. Ilianza kutumika mwaka 1984 na ikarekebishwa sana kuanzia 2010. Usiichanganye na ile ya serikali kuu aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson mwaka 1966, maana hiyo haigusi polisi wa mji. Ukiitaja kwenye barua yako unawapa sababu ya kukuzungusha. Ya jimbo inawapa siku 5 za kazi kukujibu. Wakihitaji muda zaidi wanaweza kujiongezea siku 5 nyingine za kazi, lakini ni lazima wakuandikie sababu. Kurasa 50 za kwanza, nyeusi na nyeupe, ni bure, na zinazozidi hapo haziruhusiwi kupita senti 15 kila moja. Hawawezi kukulazimisha utumie fomu yao. Kuna jambo moja nililisoma mara mbili kuhakikisha sijakosea: hawaruhusiwi kukuuliza unaitakia nini, isipokuwa wakitaka kujua kama ni kwa ajili ya biashara, au kama wewe mwenyewe umeomba usamehewe ada.

Siku niliyoingia, nilikuwa nimeshajiandalia majibu njiani. Kuna kioo kinene, chini yake uwazi wa kupitishia karatasi, na nyuma yake mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Nikamweleza. Nikasubiri aniulize kwa nini. Hakuniuliza. Alichukua kadi ndogo, akaandika anwani ya barua pepe ya ofisa wao wa FOIA, akaisukuma chini ya kioo, akaniambia niandike, kwa kuwa nikiandika ndipo siku zinaanza kuhesabiwa. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari dakika kumi nzima bila kuliwasha.

Kwa huduma ya dirishani nawapa nyota tano na sioni haya kusema hivyo. Utafutaji wa rekodi zenyewe ni habari nyingine.

Barua yangu ya kwanza niliandika kwa ujumla: naomba rekodi zote zinazonihusu, jina langu ni hili, tarehe ya kuzaliwa hii. Siku ya tano, jioni, jibu likaja kwamba hakuna rekodi iliyopatikana. Nikaisoma barua ile mara tatu. Nilikuwa nalikumbuka blanketi la mahabusu, la kijivu, lenye harufu ya dawa ya kufulia, halafu mtu ananiandikia kwamba sijawahi kuwepo. Mke wangu akasema basi ni heri, niwapelekee Uhamiaji barua hiyo. Mwanasheria wa kliniki ya bure ya msaada wa kisheria alinikataza kabisa. Alama zangu za vidole walikwishazichukua usiku ule na Uhamiaji watazikuta, kwa hiyo karatasi inayosema hakuna kitu ingenifanya nionekane mwongo.

Tatizo lilikuwa jina. Kwetu jina la ukoo hutangulia, jina la ubatizo hufuata, na polisi waliyaandika kama walivyoyasikia, huku barua yangu imeyapanga kama yalivyo kwenye kadi ya ukaazi. Kwenye kompyuta yao sisi tulikuwa watu wawili tofauti. Na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa na shida yake, nitafika huko.

Nikapekua droo mpaka nikaipata karatasi ya dhamana niliyopewa asubuhi ile, na juu kulia kulikuwa na namba ya kesi. Ndugu yangu unayesoma hapa, itafute namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Barua ya pili niliiandika hivi: namba ya kesi, tarehe na saa ya kukamatwa, anwani ya maegesho, jina langu kwa mipangilio yote miwili. Kisha nikataja ninachotaka kimoja kimoja, yaani ripoti ya tukio, rekodi ya kukamatwa, na video ya kamera ya kifuani ya askari. Safari hii walijiongezea muda, wakaniandikia kwa nini, na siku ya tisa ya kazi ikaja PDF ya kurasa 11. Sikulipa hata senti.

Video sikuipata. Sheria ya Illinois ya kamera hizo inataka picha zitunzwe siku 90, na zikihusu mtu aliyekamatwa zisifutwe kabla ya miaka 2. Mimi nilikamatwa Machi 2022 na nikaomba Mei 2024. Nilichelewa miezi miwili. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu video ile ingeonyesha nilivyosimama, mikono yangu ilipokuwa, na nilichosema hasa. Ukikamatwa, au ndugu yako akikamatwa, omba video hata kama huoni kazi yake sasa.

Kurasa zenyewe zina mistari mingi iliyofunikwa kwa wino mweusi. Jina la aliyepiga simu limefunikwa, na namba za simu na namba za leseni. Hayo sheria inaruhusu, nami sikuyapinga. Ningetaka kupinga ningekuwa na siku 60 za kumwandikia mshauri wa masuala haya katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na sikusoma mahali popote kwamba ni lazima uwe na wakili. Langu mimi halikufunikwa. Jina, umri, kosa, saa na mahali pa kukamatwa ni mambo ambayo kituo kinatakiwa kumpa mtu yeyote anayeyaomba, tena ndani ya saa 72 tangu mtu akamatwe. Mwenye nyumba wangu angeweza kuyaomba. Msimamizi wangu kiwandani vilevile. Sikulijua hilo, na usiku niliolijua sikulala vizuri.

Ukurasa wa nne ndio ulionivunja moyo. Askari ameandika kwamba mimi na mdogo wangu wote wawili tulitaja Januari 1 kuwa siku yetu ya kuzaliwa, miaka tofauti, na kwamba huenda taarifa hiyo si ya kweli. Pale penye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa pameandikwa kuwa haijathibitishwa. Ndiyo maana utafutaji wa kwanza haukuniona.

Msomaji aliyetoka kambini ameshaelewa. Familia yetu nzima imezaliwa Januari 1. Majirani zetu watatu hapa jengoni wamezaliwa Januari 1. Mama alijua nimezaliwa wakati wa kuvuna maharage, aliyekuwa anatuandikisha akahitaji siku na mwezi, akaandika kitu cha kwanza kwenye kalenda, na siku hiyo imenifuata Kigoma hadi Illinois, kwenye leseni, kwenye kadi ya ukaazi, kwenye cheti cha ndoa. Hatukudanganya. Tulisema kile ambacho serikali yenyewe imetuandikia. Na mtu anayeomba uraia anaogopa neno "si ya kweli" kuliko anavyoogopa kosa la kupiga kelele kwenye maegesho.

Sasa jambo ambalo wengi wetu hulikosea: ripoti ya polisi haitoshi. Polisi wanaandika kwamba ulikamatwa. Kilichotokea baadaye hawakiandiki wao. Uhamiaji wanataka kuona kesi iliishaje, na hiyo iko kwa karani wa mahakama ya kaunti, jengo lingine, utaratibu mwingine. Huko usipeleke barua ya FOIA, maana sheria hiyo haizihusu mahakama. Unakwenda dirishani na namba ya kesi ya mahakama, ambayo si ileile ya polisi, unaomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, yenye muhuri. Nililipa dola chache na sikukaa hata nusu saa. Muhuri wao ni wa kubonyeza, hauna wino. Unaupapasa kwa kidole ndipo unausikia. Katikati ya karatasi kuna maneno mawili ya Kilatini, nolle prosequi, maana yake mwendesha mashtaka ameamua kutoendelea na kesi.

Mwanasheria alinionya tena jambo ambalo nimeshawaambia watu kanisani kila nilipopata nafasi. Usikimbilie kufutiwa rekodi mahakamani kabla hujachukua nakala zilizothibitishwa. Illinois inaruhusu watu wa kesi kama yangu kuomba rekodi ifutwe, na wengi hufanya hivyo ili wapate kazi. Lakini Uhamiaji wataendelea kuuliza kuhusu kukamatwa huko hata baada ya kufutwa, na wakati huo hutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha kwa sababu imeharibiwa au imefungiwa. Chukua nakala tatu kwanza.

Kwenye usaili, ofisa alianza na karatasi ya mahakama. Akaigeuza, akapitisha kidole juu ya muhuri kama nilivyofanya mimi. Akauliza nini kilitokea, nikamweleza kwa sentensi nne nilizozifanyia mazoezi na mke wangu. Kisha akafungua ripoti ya polisi, akafika ukurasa wa nne, akanitazama. Nikatoa karatasi zetu za Nyarugusu, ile yenye majina ya familia yote na picha, nikamwonyesha ile safu ya tarehe: Januari 1, Januari 1, Januari 1, mpaka chini. Akasema amekwishawaona wengi. Akaandika kitu, akaendelea na maswali ya historia. Niliapishwa majira ya kiangazi.

Jambo moja limebaki. Nimewaandikia polisi barua, nikaambatanisha nakala ya karatasi ya kambi, nikiomba maelezo yangu yawekwe pamoja na ripoti ile, ili atakayeiomba kesho aone ukurasa wa nne na aone na jibu langu. Mdogo wangu naye ametia saini, kwa sababu jina lake limo na yeye bado hajaomba uraia. Niliipeleka mwenyewe kwa mama yule wa miwani ya kamba. Aliigonga muhuri wa kupokelewa, akanipa nakala. Imepita wiki ya sita na sijajibiwa. Jumatatu nitapita tena kabla ya shifti.