Wodi ya kutengwa: huduma ya kitandani na huduma ya simu

"Ukiona hatujakupigia, jua bado yupo." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na nesi wa zamu ya mchana nilipouliza hali ya mama, enzi za lile wimbi baya la Corona. Kisha akakata simu.

Ndugu tulikatazwa kuingia wodini, kama ilivyokuwa karibu kila mahali duniani, na hilo sikulilalamikia. Lakini mtu akishazuiwa mlangoni anabaki na simu tu. Sikutaka maelezo ya kidaktari. Ningeambiwa "amekunywa maji, anahema nafuu kuliko jana", ningelala usingizi. Badala yake nililala na neno "bado". Bado! Nilikusudia kuandika kwa herufi kubwa kwamba mtu asimpeleke mgonjwa wake pale.

Sasa mama, aliyelala kile kitanda, hataki kabisa kusikia hayo. Anachokumbuka yeye ni nesi wa usiku. Wote walikuwa wamejifunika kuanzia utosini hadi miguuni, humjui huyu wala yule. Huyo dada alijiandika jina kifuani kwa maka peni, juu ya gauni la plastiki, ili mgonjwa ajue anahudumiwa na nani. Usiku mmoja kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni ya damu, kilishuka hadi asilimia 86. Hakumfokea ageuke. Aliinama sikioni akamweleza kwamba sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni, hivyo akilala kifudifudi hewa itapata pa kupita. Akampanga mito, mmoja kifuani, mmoja chini ya nyonga ili tumbo lisibanwe, huku akiuchunga mrija wa oksijeni usikunjike. Na kwa kuwa oksijeni hukausha kinywa, akawa anachovya pamba kwenye maji na kumlowanisha midomo.

Ndiye aliyetupigia simu. Mama alikuwa akitweta kila baada ya neno moja, nami nikasikia sauti ya nesi nyuma ya barakoa: "Taratibu mama, hakuna haraka, simu naishika mimi."

Nikikumbuka hilo hasira yangu kwa yule wa mchana inapanda upya, maana wodi ni ile ile na joto la plastiki ni lile lile. Ila labda alikuwa ametoka kumfunika mtu shuka wakati huo huo. Labda. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, watu wakawapigia makofi madirishani, huku wengi wao wakivaa barakoa moja zamu nzima kwa sababu nyingine hazipo.

Basi, sisemi tena msiende. Huduma ya kitandani naipa nyota zote, na zikiongezwa nitaongeza. Ya simu siipi hata moja, na wa kulaumiwa kwanza ni uongozi: vipi mtu yule yule abadilishe mitungi ya oksijeni, ageuze wagonjwa, halafu apokee simu za ndugu wa wodi nzima? Wekeni mtu wa simu, hata kama ni jioni tu, nami nitafuta nusu ya niliyoyaandika hapa. Ile sentensi ya kwanza siifuti.