Kumbebea mwingine mimba: aliyeolewa na asiye na mume

Tuseme wanawake wawili wanataka kumbebea mwingine mimba; wana afya njema na wote wamewahi kuzaa salama. Mmoja ameolewa, mwingine analea wanawe peke yake.

Aliyeolewa hutazamwa pamoja na mumewe. Kliniki nyingi hutaka ridhaa ya mume na humpima magonjwa ya zinaa. Sheria nayo humgusa: Uingereza, mtoto akizaliwa, aliyembeba ndiye mama kisheria, na mumewe huhesabiwa mzazi wa pili ikiwa aliridhia, hadi mahakama ihamishe haki hiyo. Mume akisitasita, ni afadhali jambo liishie hapo. Miezi tisa ni mirefu mno kwa nyumba yenye kinyongo.

Asiye na mume hana kizingiti hicho, lakini huulizwa nani atawaangalia watoto akilazwa ghafla. Dada au rafiki wa karibu anatosha, mradi awepo kweli. India humfungia mlango kabisa asiyewahi kuolewa: sheria ya 2021 humtaka mbebaji awe amewahi kuolewa, ana mtoto wake, na ana miaka 25 hadi 35. Mjane au mtalaka hupita. Naona hapo ndoa imepewa uzito kuliko msaada alionao mwanamke, na hilo linanisikitisha.