Moto na uzee: Kidenmaki au Kiaisilandi?

Maneno ya moto na kuzeeka yanamchanganya mwanafunzi zaidi katika lugha ipi kati ya hizi mbili? Kwa Kidenmaki moto ni "ild", kuzeeka ni "ældes". Irabu zimeachana mbali, huwezi kuchanganya. Njoo sasa Kiaisilandi: moto ni "eldur", kupika ni "elda", kuzeeka ni "eldast". Ukibandika -st nyuma ya kupika, tayari umezeeka! Lakini si ndugu hao. "Eldast" ni wa ukoo wa "eldri", yaani mkubwa zaidi kwa umri. Kufanana na moto ni sadfa ya sauti zilizobadilika zamani. (Norwe wamegawanyika kati ya mitindo miwili ya kuandika Kinorwe: bokmål kwa kawaida huandika "ild", nynorsk "eld".) Anayeanza atapata nafuu kwenye Kidenmaki, walau kwenye maandishi, maana matamshi yake ni balaa. Mimi nachagua Kiaisilandi, ambako hata mlipuko wa volkano, "eldgos", umebeba moto ndani yake.