Shule Kongwe: Kukarabati au Kujenga Upya?
Majengo ya shule kongwe yakianza kuvuja, mji hugawanyika: yakarabatiwe au yavunjwe? Gharama za kujenga upya ni rahisi kukadiria. Za ukarabati hujificha mpaka ubandue dari, ukute mbao zimeliwa na mchwa. Kwa ubaridi, kuta nene za zamani hushinda, hata saa nane mchana. Mtihani mkubwa ni matunzo. Ukuta wa chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na plasta hubanduka vipande vipande. Kama hamna fundi wa chokaa, au msingi umepasuka, jengeni upya. Lakini Tabora Wavulana, alikosoma Nyerere kuanzia 1937, mimi nisingeivunja kamwe. Serikali iliikarabati, na naunga mkono.