Abra za Deira: dirham 1 tu na bado nazipa nyota zote tano

Jamani nimerudi Dubai safari hii kufata mzigo wa duka, ile natupa tu begi hotelini Naif nikatoka na miguu yangu mpaka kituo cha abra pale soko la zamani Deira. Miaka ile nafanya kazi huku, 2008 mpaka 2013, Ijumaa ndo ilikuwa siku yetu ya kupumzika na chumbani tuko watu nane kwenye dabodeka nne, utakaa wapi sasa, basi tunavuka hori, ule mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai, tunaenda Bur Dubai tunarudi, tunavuka tena tunarudi, dirham 4 na jioni imeisha.

Kwa asiyezijua, ni boti ya mbao iko wazi pande zote, abiria mnakaa mmepeana migongo, maji yako hapo chini ya vidole, dereva yuko katikati na injini yake anakusanya sarafu huku anaendesha. Tiketi hamna. Dakika chache tu ushafika. Na nauli ni ileile niliyoiacha! Metro, treni ya mjini, inayopita chini ya hori hilo kima cha chini ni dirham 3. Hiyo metro ilifunguliwa mimi nikiwepo, Septemba 2009, Januari iliyofuata Burj Khalifa, yani kipindi kile usipopita mtaa wiki mbili unakuta barabara imehamishwa unapotea njia ya kazini kwako mwenyewe.

Kasoro zipo. Agosti mchana usijaribu, unyevunyevu unakuchemsha kama kiazi na moshi wa dizeli unaugawana na jirani. Zikiwa zimefungwa pamoja mnarukia moja mpaka nyingine, mimi kandambili yangu moja iko chini ya hori mpaka leo (kosa langu, nilikuwa naangalia majahazi yanapakia friji na matairi). Halafu ukiona majahazi yale kumbuka zamani yalibeba boriti za mikoko kutoka kwetu, nyumba za kale za Al Fahidi, mtaa wa zamani wa Bur Dubai, ziliezekwa nazo, kwahiyo ukishuka ng'ambo nenda kaangalie juu darini.

Panda magharibi, azana ikianza huku inaitikiwa ng'ambo mkiwa katikati ya maji. Na nenda na sarafu aisee, ukimtolea dereva noti ya 100 atakuangalia mpaka ushuke.